Chuma Kinachoonekana kwenye Jengo la Umma: Njia ya Paris, ya Chicago au ya Berlin?

Kamati ya ujenzi ikishakubaliana kwamba ukumbi mpya wa mji, maktaba au mahakama utajengwa kwa chuma kinachoonekana, wajumbe huona uamuzi mgumu umekwisha. Ndiyo kwanza unaanza. Kuna namna nyingi za kukionyesha chuma, na hazilingani kwa gharama, kwa usalama wa moto, wala kwa kazi itakayowaangukia watunza jengo miaka 30 baadaye. Jengo moja hutoa kiunzi chake chote nje. Jingine hukivika kiunzi ngozi ya chuma iliyopangwa kwa utulivu. La tatu hubaki la mawe au zege, likaweka chuma mahali pamoja tu, pale ambapo macho ya watu yataelekea.

Kila namna ina jengo linaloieleza vizuri. Ya kwanza ni Centre Pompidou ya Paris, iliyofunguliwa 1977. Ya pili ni Daley Center ya Chicago, jengo la mahakama na ofisi za serikali lililokamilika 1965. Ya tatu ni kuba la Reichstag, bunge la Ujerumani mjini Berlin, lililoanza kutumika 1999. Yote ni majengo ya umma, na yamekaa muda wa kutosha hata uzuri na usumbufu wake umejulikana. Kama wewe ni diwani, mjumbe wa kamati, mwanafunzi wa usanifu au mwananchi aliyeitwa kutoa maoni, ulinganisho huu ni wako.

Vigezo kabla ya picha

Picha za kompyuta huonyesha jengo siku ya uzinduzi, jua likiwa upande mzuri. Ziweke kando kwanza, uulize mambo matano.

La kwanza ni ujumbe. Chuma kikitolewa hadharani kwenye jengo la kodi za watu, kinapaswa kumwonyesha mtu jambo fulani: mzigo unavyoshuka hadi ardhini, mlango ulipo, au chumba ambamo maamuzi yanafanyika. Kama kazi yake ni kupamba tu, plasta na rangi zingeifanya kwa bei ndogo zaidi.

La pili ni nafasi. Chuma huvuka umbali mrefu bila nguzo katikati, na hiyo ndiyo sababu yake ya msingi ya kuwepo kwenye kumbi kubwa.

La tatu ni moto. Chuma hakiungui, lakini hulegea. Kikikaribia nyuzi 600 za Selsiasi, nguvu yake huwa imepungua kwa takriban nusu, na moto wa ofisi iliyojaa makaratasi na samani hufika huko bila shida. Kwa hiyo chuma kinachobeba sakafu za watu lazima kikingwe: kifunikwe kwa zege au jipsamu, kipakwe rangi maalumu inayovimba ikipata joto, au kiwekwe mbali na miali. Hapa ndipo ndoto ya chuma kitupu hugongana na kanuni za ujenzi, na kila moja ya njia hizi tatu imetoa jibu lake. Ukitaka kujua kama msanifu aliyeko mbele yako amefikiri hadi mwisho, anza na swali hili.

La nne ni kutu, na hapa sipiti haraka, kwa kuwa wengi wetu tunajenga kwenye unyevunyevu au karibu na bahari. Mvua yenyewe hupita. Hatari kubwa ni maji yanayotuama. Tazama kitako cha nguzo iliyoachwa wazi: bamba la chuma limefungwa kwa bolti juu ya zege. Vumbi hujikusanya pembeni mwa nati, maji ya mvua na ya kudekia huingia chini ya bamba, rangi hufanya malengelenge, na wekundu unapoonekana kwa nje, ndani bolti imeshaliwa. Fundi makini huinua kitako hicho juu ya usawa wa sakafu, huweka mteremko pande zote na hutoboa tundu la kutolea maji popote chuma kinapofanya mfuko. Maelezo hayo yakikosekana kwenye michoro, hakuna rangi itakayoliokoa jengo.

Pwani chumvi huongeza kasi ya yote hayo. Zanzibar tunalo jengo la kutufundisha. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883 wakati wa Sultani Barghash, ikiwa na nguzo za chuma cha kusubu zinazobeba baraza zake pana na boriti za chuma ndani, pamoja na mawe ya matumbawe. Lilikuwa jengo la sherehe za dola, na nguzo zile ndizo zilizolipatia urefu na wepesi ambao mawe peke yake yasingeufikia. Lilistahimili mizinga ya 1896. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ukarabati ukiendelea. Anayetaka chuma mbele ya bahari akae mbele ya jengo lile kabla ya kutia sahihi.

La tano ni kazi na fedha: nani atakitengeneza chuma hicho, nani ataunga viungo na nani atavipima. Nondo na mabomba ya mraba yanapatikana madukani, lakini maumbo makubwa ya boriti na nguzo kwa kawaida huagizwa kutoka nje, na ratiba ya mradi hufuata meli.

Njia ya Paris: kiunzi chote nje

*Ujumbe.* Mashindano ya 1971 yalivuta miradi 681. Washindi walikuwa wasanifu Renzo Piano na Richard Rogers, bado vijana katika fani, wakiwa na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup, akiwemo Peter Rice. Walichukua kila kitu ambacho majengo hukificha wakakitoa nje na kukipaka rangi: hewa kwa buluu, maji kwa kijani, umeme kwa njano, njia za watu kwa nyekundu. Takriban nusu ya kiwanja ikaachwa kuwa uwanja. Wakosoaji walilifananisha na kiwanda cha kusafishia mafuta. Hata hivyo watu walikuja, na ngazi ya umeme inayopanda ukutani mbele ya mji mzima ikawa sababu mojawapo ya kuja.

Kuna kipande kimoja kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Kila ncha ya kenchi kubwa ya sakafu imekaa kwenye mkono wa chuma uliomiminwa kwenye kalibu, wenye urefu wa mita 8 na uzito wa tani 10 hivi. Mkono huo umevishwa kwenye nguzo na kulala juu ya pini. Upande wake mfupi wa ndani unabeba kenchi. Upande mrefu wa nje unavutwa chini na fimbo nyembamba inayoshuka hadi ardhini. Ni kama mizani ya dukani, ila hii inapima tani. Mkono ni mnene karibu na pini na mwembamba nchani kwa sababu nguvu zinazopita ndani yake zinadai hivyo, na mtu asiyewahi kusoma uhandisi akisimama chini yake anaelewa kinachobeba na kinachobebwa. Rice alisisitiza vipande hivyo vimiminwe badala ya kuunganishwa kwa mabamba, ili mtazamaji aone kazi ya mikono ya waliovitengeneza. Kwangu hicho ndicho kipimo cha chuma kinachosema: umbo lake linaeleza kazi yake bila kibao cha maelezo.

*Nafasi.* Hakuna inayoishinda. Sakafu zina upana wa mita 48 na urefu wa mita 166 bila nguzo hata moja katikati. Lakini uhuru huo una upande wa pili: miaka ya 1980 makumbusho yalimwita msanifu Gae Aulenti ajenge vyumba na kuta ndani ya ghorofa ya maonyesho, kwa sababu picha zinahitaji ukuta na macho yanahitaji mahali pa kutulia.

*Moto.* Nguzo ni mabomba yaliyojazwa maji, yakae baridi hata moto ukitokea, na ziko nje ya kuta. Kenchi zimefungwa kinga na kuvikwa bati. Kwa maneno mengine, hata jengo hili linaloonekana kuwa limejivua kila kitu limevaa pale ilipobidi.

*Kutu na matengenezo.* Hapa ndipo gharama inapojificha. Jengo lilifungwa 1997 kwa ukarabati na likafunguliwa tena tarehe 1 Januari 2000. Mwaka 2025 limefungwa upya, na mpango ni kulifungua 2030, kazi zikiwa pamoja na kuondoa asbestosi, kuboresha usalama wa moto na kupunguza matumizi ya nishati. Kila bomba lililo nje linapigwa na jua na mvua, na kila kiungo kinahitaji mtu wa kukifikia.

*Kazi na fedha.* Mikono ile ilimiminwa Ujerumani, kwenye viwanda vya Krupp, na kenchi zikapitishwa mitaani Paris usiku. Mji usio na tanuri la kumimina chuma kikubwa, wala barabara ya kupitisha kipande cha zaidi ya mita 40, utalazimika kuvunja vipande kuwa vidogo na kuongeza viungo. Na kila kiungo ni mahali pa kutu.

*Inawafaa* taasisi zinazobadilisha matumizi ya ndani mara kwa mara, kama maktaba, makumbusho, ukumbi wa maonyesho na soko kuu, zilizo na mfuko wa matengenezo uliotengwa kisheria. Haiwafai wanaotegemea bajeti ya kuomba kila mwaka.

Njia ya Chicago: kiunzi kilichovaa ngozi ya chuma

*Ujumbe.* Msanifu Jacques Brownson wa kampuni ya C. F. Murphy Associates alibuni jengo la ghorofa 31, lenye urefu wa mita 198, kwa chuma, kioo na karibu hakuna kingine. Halipigi kelele. Nguzo zake zina umbo la msalaba, na kadiri zinavyopanda huwa nyembamba kwa hatua, kwa kuwa mzigo huko juu ni mdogo. Ukilitazama kutoka uwanjani, unausoma uzito wa ghorofa zote ukishuka. Kwa mahakama naona utulivu huo una maana kubwa: anayeingia hapo ana hofu zake tayari, na jengo halimwongezi. Mwaka 1967 sanamu ya Picasso yenye urefu wa mita 15 ilizinduliwa uwanjani, ya chuma cha aina ileile, na tangu hapo watoto huitelezea.

*Nafasi.* Kutoka nguzo hadi nguzo ni mita 26.5 kwa 14.6, upana ambao majengo marefu ya ofisi wakati ule hayakuuzoea. Sababu ni vyumba vya mahakama: hakimu, mashahidi na wasikilizaji wanapaswa kuonana bila nguzo kuwakinga.

*Moto.* Chuma unachokiona ni ngozi. Kile kinachobeba kiko nyuma yake, kimekingwa dhidi ya moto. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Sikubaliani nao, mradi ngozi inafuata kwa uaminifu kile kilichomo ndani: nguzo ionekane penye nguzo, na boriti ionekane penye boriti. Ikianza kuonyesha boriti pasipo na boriti, hapo wana haki.

*Kutu na matengenezo.* Chuma chenyewe ni Cor-Ten. Kimechanganywa na kiasi kidogo cha shaba, kromiamu na madini mengine, kikashika kutu laini ya juu juu ambayo ikikomaa huwa kinga na kupunguza kasi ya kutu zaidi. Hakipakwi rangi. Kwa mkurugenzi wa manispaa habari hiyo inavutia mno, kwa hiyo asome na masharti yake. Kinahitaji kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Kisipokauka, kutu haikomi. Ukumbi wa michezo wa Omni mjini Atlanta, uliofunguliwa 1972, ulivikwa chuma cha aina hii katika hali ya hewa yenye unyevunyevu. Kikaendelea kuliwa, na jengo likabomolewa 1997. Chumvi ni mbaya zaidi, na wahandisi wengi hukwepa kukitumia ndani ya kilomita 2 hivi kutoka baharini. Kwa Mombasa, Tanga au Mji Mkongwe, jibu ni hapana. Miji ya bara yenye kiangazi kirefu, kama Dodoma, ina nafasi nzuri zaidi. Hata huko, miaka ya mwanzo maji yanayochuruzika huacha madoa ya hudhurungi, basi sakafu ya chini iwe ya kitu ambacho hakionyeshi madoa, au pawe na mfereji.

*Kazi na fedha.* Vipande vinajirudia ghorofa hadi ghorofa, na kujirudia ndiko kunakoshusha bei. Karakana ikishatengeneza kiungo cha kwanza kikapimwa kikafaulu, vinavyofuata ni nakala. Tena mpangilio huu unaweza kuigwa kwa chuma cha kawaida kilichotiwa zinki na kupakwa rangi, ukapata utulivu uleule bila kutegemea Cor-Ten. Utakachopoteza ni uhuru wa kutopaka rangi.

*Inawafaa* mahakama, ofisi za kaunti au halmashauri, na majengo ya ghorofa nyingi ambayo mwananchi anakwenda kwa shida maalumu na anahitaji kuelewa upesi aingilie wapi.

Njia ya Berlin: chuma mahali pamoja

*Ujumbe.* Reichstag ya mawe ilikamilika 1894, na hata kuba lake la kwanza lilikuwa la chuma na kioo. Jengo liliungua 1933, likaharibiwa vitani, na mabaki ya kuba yakaondolewa 1954. Msanifu Norman Foster alipopewa kazi hakupendekeza kuba mwanzoni; wabunge ndio waliolitaka. Likajengwa kuba la kipenyo cha mita 40 na kimo cha mita 23.5, lenye mbavu 24 za wima na pete 17 za mlalo. Njia mbili za mzunguko zinawapandisha watu hadi juu, na chini ya miguu yao kuna ukumbi wa bunge. Wananchi wako juu ya wawakilishi wao. Kuingia ni bure kwa kujiandikisha mapema. Kwa ujumbe mmoja uliosemwa wazi, sijui jengo linaloizidi njia hii.

*Nafasi.* Haitoi sakafu pana, na isihukumiwe kwa hilo. Inatoa chumba kimoja ambacho mji wote utakikumbuka.

*Moto.* Kuba halibebi ghorofa, hivyo mzigo wa kinga ni mdogo. Linalobaki ni moshi na njia za kutokea: mamia ya watu walioko juu ya ukumbi watashukaje? Swali hilo lijibiwe kwenye mchoro wa kwanza.

*Kutu na matengenezo.* Chuma ni kidogo, lakini kiko juu. Bei ya kopo la rangi haibadiliki; bei ya kumfikisha mpakaji ndiyo hupanda. Na kuna vioo. Katikati ya kuba la Berlin kuna koni yenye vioo 360 vya kuakisi vinavyoshusha mwanga wa mchana hadi bungeni, ambayo pia hutoa hewa yenye joto, na kuna kivuli kinachozunguka kufuata jua lisiwachome walio chini. Huo ni mji ambao jua lake halifiki utosini. Dar es Salaam hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Kuba la kioo likinakiliwa bila kivuli litageuza ukumbi kuwa tanuri, na bili ya kiyoyozi itakula posho za madiwani.

Kuba si lazima liwe la kioo kama la Berlin. Kigali Convention Centre, iliyofunguliwa 2016, ina kuba la chuma lililochukua umbo lake kwenye nyumba ya kifalme ya asili ya Rwanda. Lina asili yake, na halihitaji kuazima ya Berlin.

*Kazi na fedha.* Njia hii peke yake inaweza kuwekwa juu ya jengo lililopo, mradi kuta na misingi vipimwe kama vitaubeba uzito mpya. Chuma kilichopinda kinataka usahihi wa milimita, kwa kuwa kioo hakisamehe. Uzuri wake ni kwamba kazi ngumu iko sehemu moja: manispaa inaweza kumpa mkandarasi wa kawaida jengo la zege, na kumtafutia kuba mtaalamu wake.

*Inawafaa* mabunge, mabaraza ya kaunti, na miji yenye jengo la kale linalopendwa ambalo hakuna anayetaka kulibomoa.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama mko kwenye ufuo na upepo wa chumvi unafika kiwanjani, punguza chuma cha nje kadiri unavyoweza. Njia ya Berlin, kwa chuma kilichotiwa zinki kabla ya rangi na kivuli kilichofikiriwa kwa jua la hapa, ina hatari ndogo. Ya Paris inawezekana tu kama kuna kikosi cha kudumu cha matengenezo. Cor-Ten iondoeni mezani.

Kama mko bara, penye ukame wa miezi kadhaa, na jengo ni la ghorofa nyingi zenye ofisi na mahakama, mpangilio wa Chicago unawapa mengi kwa fedha zenu.

Kama bado hamjui jengo litatumika vipi baada ya miaka 15, na mna mfuko wa uhakika, fikirieni Paris, hata kwa kipimo kidogo: ukumbi mmoja mpana wenye kenchi zinazoonekana na mabomba yanayofikika kwa ngazi ya kawaida. Urefu ukifika mita 50, kumbukeni kwamba chuma hutanuka. Tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na jua la mchana juu ya bati itakirefusha kwa milimita 18, na upande mmoja lazima uachwe uteleze.

Kama fedha ni chache na zinatoka kwa awamu, jengeni kwa zege na mawe, mkatumie chuma mahali ambapo mwananchi anagusa: baraza la mbele, ngazi kuu, paa la ukumbi wa kungojea. Baraza moja lililoungwa vizuri, lenye nguzo ambazo mtu anaelewa zinavyobeba, linatosha kulipatia jengo sauti.

Na kwa hali zote, kabla ya zabuni kutangazwa, mtakeni mkadiriaji majenzi aandike gharama ya kupaka rangi na kukagua viungo kwa miaka 25, pamoja na njia ambayo fundi atatumia kukifikia kila kiungo. Michoro mitatu ikiwekwa tena mezani ikiwa na ukurasa huo, mpangilio wa mapendekezo ya kamati unaweza kubadilika.